Kuwatazama Ndege wa Pwani Yetu: Utulivu wa Kiumbe Kwanza, Picha Baadaye

Katika mafundisho yake mlimani Bwana wetu Yesu Kristo aliwaelekeza wanafunzi wake kwa ndege wa angani. Kitenzi cha Kigiriki anachokitumia Mwinjili Mathayo mahali hapo (Mt 6:26), yaani emblepo, hakimaanishi kutupa jicho na kupita, bali kukaza macho juu ya kitu. Mwinjili Luka, anapowataja kunguru (Lk 12:24), anatumia katanoeo, ambacho maana yake ni kuangalia kwa makini hadi kuelewa. Basi kuwatazama ndege si burudani ya watalii peke yao. Ni zoezi la macho na la moyo, lililo wazi kwa kila mtu, na lina kanuni zake. Makala hii inaeleza namna ya kulifanya katika pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi, na kwa nini utulivu wa ndege hauna budi kutangulia picha yake.

Hazina iliyo mlangoni petu

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia katika Afrika Mashariki, na ndani yake wameonekana ndege wa aina zaidi ya 230. Anayeuingia kwa mara ya kwanza huona miti tu. Anayerudi mara kwa mara hutambua kwamba kuna misitu mitatu ndani ya mmoja. Penye mchanga mweupe imesimama miti ya miombo. Penye udongo mwekundu kuna vichaka vizito vya miti iitwayo Cynometra. Upande wa mashariki kuna msitu wa miti mchanganyiko. Kila sehemu ina wakazi wake, na anayejua udongo anaokanyaga anajua pia ndege wa kumtazamia.

Katika vichaka vya udongo mwekundu anaishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu usiofika sentimita 20 na uzito wa gramu 50 hivi. Wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 1966. Mbali na pwani yetu, anajulikana tu katika miteremko ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, nchini Tanzania. Chini ya miti hiyo hiyo hupita sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu anayechakura majani makavu akitafuta wadudu. Sange hawa huishi wawili wawili, dume na jike, wakilinda eneo lao. Mmoja akihisi hatari, hupigapiga majani kwa mkia wake.

Ukitoka msituni kuelekea baharini unafika Mida, ghuba ndogo iliyozungukwa na mikoko karibu na Watamu. Maji yanapokupwa, matope yake hujaa ndege wageni. Wamo wadogo wenye uzito wa gramu 60 tu ambao wameanguliwa Siberia ya kaskazini kabisa. Yumo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye hutaga ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, pande za Bahari ya Shamu na pwani za Uarabuni. Wengi wao hufika kuanzia mwezi Agosti na kuondoka ifikapo Aprili au Mei.

Bundi si mjumbe wa kifo

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi waamini moja kwa moja. Katika familia nyingi, sauti ya bundi juu ya paa huhesabiwa kuwa tangazo la msiba, naye hupigwa mawe au kuchomewa kiota. Bundi hulia usiku kwa sababu ndio wakati wake wa kuwinda, kumwita mwenzake na kulinda eneo lake. Hukaa karibu na nyumba zetu kwa sababu panya wako karibu na ghala zetu. Mkulima anayemuua bundi amewaondolea panya adui wao, na amefanya hivyo kwa hofu ambayo imani yake haimruhusu kuwa nayo. Ubatizo ulitutoa katika utumwa wa ishara za namna hiyo. Vijana watakaomwonyesha bibi yao picha ya bundi wa Sokoke, asiyezidi ukubwa wa ngumi na anayekula wadudu, watakuwa wamefanya katekesi njema bila kubishana naye.

Namna ya kuanza

Kifaa cha kwanza ni subira. Fika alfajiri, kwa maana kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi ndege wengi huwa katika shughuli na mwanga ni laini. Vaa nguo zisizong'aa. Simama mahali pamoja kwa dakika kumi bila kusema, nawe utaona kwamba kichaka kilichonyamaza ulipofika kinaanza kusema tena. Sikiliza kabla ya kutafuta kwa macho. Kisha angalia mambo manne kwa utaratibu: ukubwa ukilinganisha na ndege unayemfahamu, kama shorewo au njiwa, umbo la mdomo, rangi na mahali zilipo, na anachokifanya. Yaandike papo hapo katika daftari, pamoja na tarehe, saa na mahali.

Darubini ya mkononi inayokuza mara 8 yatosha, na kikundi cha watu watano chaweza kutumia moja kwa zamu. Kwa picha, hata simu iliyowekwa kwa uangalifu nyuma ya darubini hutoa kumbukumbu inayotambulika. Mwenye kamera atahitaji lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 300 au zaidi. Kwa ndege anayeruka, aipange kamera ipokee mwanga kwa sekunde 1/1000 au chini ya hapo. Ajitahidi jua liwe mgongoni mwake, na ulenge wake uwe kwenye jicho la ndege.

Picha inapoweza kuua

Mpiga picha mwema anaweza kudhuru bila kukusudia. Anayekisogelea kiota humfukuza mama, na mayai yaliyoachwa juani hayachukui muda mrefu kuharibika. Akivunja matawi ili apate mwanga, amewafungulia mlango kunguru wa Bara Hindi, waliojaa katika miji yetu ya pwani na wanaokula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa sababu hiyo, mtu asipige picha kiota chenye mayai au makinda kwa kukikaribia, wala asiguse hata jani moja lililokifunika.

Wapo wanaocheza sauti ya ndege kwa simu ili dume ajitokeze. Dume huyo hudhani mpinzani amevamia eneo lake. Huacha kula na kulinda wenzake ili apigane na adui asiyekuwapo. Vivyo hivyo pale Mida: ndege wa matopeni hula maji yanapokupwa wakijiwekea mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita. Kila wanaporushwa ili picha ya kundi ipendeze, sehemu ya akiba hiyo inapotea. Usiku, mwanga mkali wa kamera usielekezwe machoni mwa bundi. Na kabla ya kuisambaza picha ya kiumbe adimu, kumbuka kwamba simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mtego unaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Ishara ni rahisi: ndege akiacha kula, akinyoosha shingo au akianza kupiga kelele za hofu, umekwisha kukaribia kupita kiasi. Rudi nyuma.

Kumbukumbu inapookoa

Kwa upande mwingine, jicho la mtu wa kawaida laweza kuokoa. Kwera wa Clarke, aitwaye pia kwera wa Kilifi, haishi popote duniani ila katika kaunti ya Kilifi. Kwa miongo mingi alionekana Arabuko-Sokoke katika vilele vya miombo, lakini hakuna mtaalamu aliyejua anakotaga. Mwaka 2013 watazamaji wa ndege wa chama cha Nature Kenya, pamoja na wenyeji, walivikuta viota vyake Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi, katika bwawa linalojaa majira ya mvua tu. Tangu hapo imejulikana kwamba kuulinda msitu peke yake hakutoshi: bwawa likilimwa, au miti ya Dakatcha ikiisha kwa mkaa, ndege huyu hana kwao kwingine.

Mwaka huo huo ulianzishwa mradi wa Kenya Bird Map, ambao hupokea orodha za ndege kutoka kwa mtu yeyote aliye makini, ili ijulikane ni aina zipi zinapungua na wapi. Katika eneo la Mida na Arabuko-Sokoke, shirika la Kikristo la A Rocha Kenya lina mpango uitwao ASSETS, uliobuniwa mwaka 2001, ambao hutumia mapato ya wageni kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu. Kwa familia hizo, ndege aliye hai ana thamani inayoonekana.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alisikitikia viumbe wanaotoweka kabla watoto wetu hawajawaona. Parokia na jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kuitikia kwa jambo dogo: kuchagua mahali pamoja, pengine uwanja wa kanisa, bwawa au ukingo wa msitu, kupatembelea mara moja kila mwezi pamoja na vijana, kuhesabu, kuandika, na kutuma orodha. Kwa msituni, tafuteni waongozaji wenyeji katika kituo cha Gede. Daftari la mwaka mmoja litawafundisha ni nani jirani zenu, na la miaka mitano litawaonyesha ni nani ameanza kutoweka wakati bado kuna nafasi ya kumsaidia.