Je, Wajua? Pemba Mjadala Ulisimamiwa na Mizani

Je, wajua kwamba kisiwani Pemba, zama za Kamange na Sarahani, hasira peke yake haikutosha kumjibu mtu hadharani? Malenga hao wawili, walioishi karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walijibizana kwa mashairi, na majibizano hayo yana kanuni zake.

Kwa kawaida ubeti huwa na mishororo 4. Kila mshororo una mizani (silabi) 16, yaani 8 kila kipande, na kila kipande hufungwa kwa kina. Anayejibu hufuata bahari ya mwenziwe, na mara nyingi vina vyake pia. Neno la papara likizidisha silabi moja tu, shairi limeharibika na mwenyewe huchekwa. Malenga hodari aliweza bado kumchoma mwenziwe, lakini kwa mafumbo, na baada ya kufikiri.

Mashairi yao yamo katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2011.

Siku hizi msimamizi wa mjadala ni sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2020 zilimpa mtoa huduma saa 2 kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa. Sheria huchuja neno lililokwisha kusemwa. Mizani ilimchuja msemaji kabla hajasema.