Nha Trang: Mji wa Pwani Wenye Mengi Kuliko Mchanga Wake

Zipo familia ambazo Mwenyezi Mungu amezijaalia wasaa wa kusafiri mbali, na zipo nyingi zaidi ambazo husafiri kwa kusoma. Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya zote mbili. Wiki hii tunaelekea Nha Trang, mji wa pwani ulioko upande wa kusini ya kati ya Vietnam, katika mkoa wa Khanh Hoa. Watalii wengi huujua kwa ufuo wake na hoteli zake ndefu. Lakini anayekwenda kwa ajili ya ufuo peke yake atakuwa ameacha mengi nyuma yake: minara ya matofali iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja, kumbukumbu za tabibu aliyekitambua kijidudu cha tauni, bahari inayouguzwa majeraha yake, na, mwendo wa saa chache kusini, vijiji vya watu ambao historia yao inatuhusu sisi Waislamu kwa karibu.

Asubuhi ya ufukweni

Ghuba ya Nha Trang inatazama mashariki kama inavyotazama pwani yetu, kwa hiyo jua huchomoza baharini. Barabara ya Tran Phu inaufuata ufuo, na kando yake kuna bustani na njia ya waendao kwa miguu. Wenyeji wana desturi moja nzuri: huenda kuoga baharini alfajiri, jua lingali changa, kisha wakarudi tena jioni. Mchana, joto linapokuwa kali, ufuo huachiwa wageni.

Kwa familia ya Kiislamu desturi hiyo ni neema. Wakishaswali Alfajiri, wazazi na watoto hukuta ufukweni wazee wakinyoosha viungo na akina mama wakitembea kwa utulivu, wala hawakuti yale mavazi ya wageni wa mchana ambayo mzazi asingependa kumweleza mtoto wake. Wanawake wengi wa Vietnam wenyewe hujifunika mikono, uso na kichwa wanapotoka juani, kwa kulinda ngozi zao. Kwa hiyo mama aliyejisitiri vizuri hatajiona peke yake.

Jambo la kukumbuka ni Kibla. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuelekea kaskazini. Nha Trang Kibla ni magharibi, ukipanda kidogo upande wa kaskazini, kiasi kwamba anayeswali karibu na ufuo huipa bahari mgongo na kuielekea milima. Saa za huko zimetangulia za kwetu kwa saa nne. Mji huu si wa Waislamu, hivyo msafiri ajiandae na ratiba ya nyakati za swala kabla hajaondoka, na masuala ya kupunguza na kukusanya swala ayaulize kwa mashekhe wake mapema, asisubiri kubahatisha akiwa njiani.

Minara ya Po Nagar

Juu ya kilima kidogo kinachoutazama mto Cai, pale unapokaribia kuingia baharini, imesimama minara ya Po Nagar. Iliyobaki ni minne, na ule mkubwa una urefu wa zaidi ya mita 20. Waliojenga ni Wacham, watu wa dola ya Champa, iliyotawala sehemu kubwa ya pwani hii kwa karne nyingi kabla ya Wavietnam kuenea kusini. Maandishi ya mawe yaliyopatikana hapo yanaeleza kwamba hekalu la kwanza, lililokuwa la mbao, lilichomwa moto na wavamizi waliokuja kwa bahari mwaka 774, na kwamba mfalme Satyavarman alilijenga upya mwaka 784. Minara inayoonekana leo ilijengwa na kukarabatiwa kwa nyakati mbalimbali baada ya hapo.

Mafundi na wataalamu hustaajabia ukuta wake. Matofali yameshikana bila ya udongo wa kuungia kuonekana baina yake, na nakshi zilichongwa juu ya ukuta uliokwisha jengwa.

Hapana budi tuseme wazi kwamba minara hii iliwekwa kwa ajili ya ibada ya Kihindu, na mpaka leo watu huenda kufukiza ubani na kutoa sadaka mbele ya sanamu. Familia ya Kiislamu inaweza kuiangalia kama athari ya watu waliopita na kuwafundisha watoto historia, bila ya kushiriki yanayofanyika ndani, na bila ya kuwadharau wanaoyafanya. Hivyo hivyo kwa sanamu kubwa nyeupe ya Buddha katika hekalu la Long Son, inayoonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Sanamu hiyo ni ukumbusho wa watawa wa Kibuddha waliokufa mwaka 1963 wakipinga dhulma ya serikali ya Ngo Dinh Diem. Mtoto akiuliza, ni vyema aambiwe kisa hicho. Kuijua dhulma iliyowapata wengine hakumpunguzii mtu imani yake.

Wacham wa leo

Hapa ndipo safari inapotugusa zaidi. Dola ya Champa ilipungua kidogo kidogo. Mji mkuu wake wa Vijaya ulitekwa mwaka 1471, eneo la Nha Trang likachukuliwa mwaka 1653, na sehemu ya mwisho iliyobaki, Panduranga, ikafutwa mwaka 1832 katika zama za mfalme Minh Mang. Wakati huo Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia kwa Wacham kwa njia ya biashara ya bahari na mahusiano yao na Wamalay, kama ulivyoingia pwani yetu kwa majahazi ya pepo za msimu. Wengi walihamia Kambodia, na Wacham wa huko leo ni Waislamu.

Waliobaki karibu na Nha Trang wako Phan Rang, takriban kilomita 100 kusini, mahali ambapo tangu Julai 2025 pamo ndani ya mkoa huo huo wa Khanh Hoa. Baadhi yao hufuata dini yenye asili ya Kihindu. Wengine huitwa Bani, jina lenye asili ya Kiarabu. Wabani wana misikiti, wana maandishi ya Qur'ani yaliyonakiliwa kwa mikono, na wana mwezi waitao Ramuwan, ambamo viongozi wao wa dini hukaa msikitini na kufunga kwa niaba ya jamii nzima. Walikatika na ulimwengu wa Kiislamu kwa karne nyingi, na mila za mababu zikachanganyika na walichopokea. Tangu miaka ya 1960 baadhi ya Wacham wa Phan Rang wamefuata njia ya Sunni na kujenga misikiti yao.

Tunayataja haya kwa sababu ni rahisi mgeni kucheka au kulaumu. Sisi tunaona yafaa kutafakari. Jamii iliyopoteza dola yake, ikakosa walimu na vitabu kwa muda mrefu, ilishikilia kile ilichokuwa nacho mkononi. Anayewatembelea aende kwa adabu ya mgeni, aombe ruhusa kabla ya kuingia mahali pao pa ibada, na asipige picha za watu bila ya idhini yao.

Huko huko kuna kijiji cha Bau Truc, ambako wanawake wa Kicham hufinyanga vyungu bila ya gurudumu. Mfinyanzi huweka udongo juu ya kiti chake cha kazi, kisha yeye mwenyewe ndiye anayezunguka, akirudi kinyumenyume, mpaka chungu kikamilike. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wasomaji waliokulia karibu na wafinyanzi wa kwetu wataelewa haraka hiyo inatoka wapi: mabinti hawaifuati tena kazi ya mama zao.

Tabibu wa kijiji cha wavuvi

Katika barabara ya Tran Phu ipo makumbusho ndogo ndani ya eneo la Taasisi ya Pasteur. Ni ya Alexandre Yersin, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1863 na kufika Nha Trang mwaka 1891. Mwaka 1894 alikwenda Hong Kong wakati tauni ikiua watu kwa maelfu. Akifanya kazi katika kibanda, alikitambua kijidudu kinacholeta maradhi hayo, akaona pia kwamba panya waliokufa walikuwa na kijidudu hicho hicho. Leo kinaitwa Yersinia pestis, kwa jina lake. Mwaka uliofuata alianzisha maabara Nha Trang, iliyokuwa ndiyo mwanzo wa taasisi ya sasa.

Msomaji asidhani hii ni habari ya mbali. Nairobi ilipatwa na tauni mwaka 1902, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali. Lushoto, mkoani Tanga, iliteswa na tauni katika miaka ya 1980 na 1990. Waliotibiwa huko walifaidika na elimu ambayo sehemu yake muhimu ilianzia katika kibanda kile cha Hong Kong.

Yersin hakurudi Ulaya kutafuta makuu. Aliishi katika kijiji cha wavuvi, akapanda miti ya mpira na ya kwinini, na majirani wakamwita Ong Nam, yaani Bwana wa Tano, kwa ajili ya michirizi mitano ya cheo chake. Alifariki mwaka 1943, akazikwa Suoi Dau, kusini ya mji. Katika makumbusho vipo vyombo vyake vya kazi, darubini na barua alizokuwa akimwandikia mama yake. Tunawashauri wazazi wenye watoto wanaosoma sayansi wasipapite mahali hapa.

Bahari inayouguzwa

Mbele ya mji kuna visiwa. Kikubwa ni Hon Tre, kinachofikiwa kwa vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya uliopita juu ya bahari kwa mita 3,320, kazi iliyofunguliwa mwaka 2007. Watoto hupenda michezo iliyoko huko, ingawa gharama yake si ndogo kwa familia kubwa. Asiyetaka gharama aende Hon Chong, kaskazini ya mji, akatazame majabali yaliyopandana juu ya maji. Wenyeji husimulia kwamba alama zilizoko kwenye jabali moja ni za vidole vya jitu lililoteleza.

Kisiwa chenye habari nzito zaidi ni Hon Mun. Matumbawe yake yaliwekwa chini ya hifadhi mwaka 2001, na ndiyo yaliyowavuta wazamiaji kutoka kila upande. Juni 2022 mamlaka ya ghuba ilisimamisha uogeleaji na uzamiaji huko, kwa sababu sehemu kubwa ya matumbawe ilikuwa imekufa. Dhoruba zilichangia, mojawapo ikiwa ni Damrey ya Novemba 2017, iliyoua zaidi ya watu 100 nchini Vietnam. Lakini uvuvi haramu, ujenzi wa pwani na wingi wa watalii navyo vilitajwa. Watu walikipenda kitu mpaka wakakiangamiza.

Sisi tulio na Mafia, Chumbe na Kisite hatuna haki ya kulitazama hilo kama kosa la wengine. Anayekwenda Nha Trang aulize kwanza ni maeneo gani yameruhusiwa, asikanyage wala kugusa matumbawe, na asinunue makombe sokoni. Kwa watoto, badala yake ipo Taasisi ya Elimu ya Bahari huko Cau Da, iliyoanzishwa mwaka 1922. Humo mna samaki hai, maelfu ya viumbe vilivyohifadhiwa, na mifupa kamili ya nyangumi mwenye urefu wa takriban mita 18.

Chakula na maandalizi

Hapa tahadhari ni ya lazima. Nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida Vietnam. Nem nuong, mishikaki inayosifiwa sana katika mkoa huu, ni ya nguruwe, na hata supu ya samaki huweza kupikwa kwa mchuzi wa mifupa yake. Jifunzeni maneno mawili: heo, yaani nguruwe, na chay, yaani chakula kisicho na nyama. Migahawa yenye kibao cha chay ni kimbilio zuri, mradi muulize pia kuhusu pombe katika mapishi.

Mtafurahi kukutana na banh can, unga wa mchele unaopikwa katika vikaango vya udongo vyenye vishimo vya mviringo. Mama yeyote wa pwani atasema: hivi ni vitumbua! Tofauti ni kwamba havina sukari, huwekwa yai au ngisi juu yake, na huliwa na mchuzi wa samaki. Ulizeni tu kama mafuta na kitoweo cha pembeni havina nguruwe. Matunda hayana shaka: maembe, doriani, shokishoki, na zabibu mbichi za Phan Rang.

Tangu Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuomba viza ya Vietnam kwa njia ya intaneti, hadi siku 90. Wengi hupitia Dubai au Doha hadi Ho Chi Minh City, ambako katika mtaa wa Dong Du upo msikiti uliojengwa na Waislamu wa Kihindi mwaka 1935. Kutoka hapo kuna ndege za uwanja wa Cam Ranh, kusini ya Nha Trang, na pia kuna treni. Epukeni Oktoba hadi Desemba, miezi ya mvua na dhoruba.

Mwisho tunawanasihi wazazi: kabla ya safari, kaeni na watoto mchague pamoja mambo matatu ya kujifunza huko, na mkirudi waelezeni jamaa waliobaki nyumbani. Safari ya mmoja inaweza kuwa elimu ya ukoo mzima. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na awarejeshe salama kwa ahali zao.