Mpimaji na Wachaguaji wa Kahawa

Pembeni ya ziwa Kivu, kwenye vilima vya Kalehe, vya Katana na vya kisiwa cha Idjwi, watu wengi hulima kahawa ya arabika. Mti huu hupenda nchi ya juu yenye baridi kidogo. Maji ya ziwa yenyewe yako karibu meta 1460 juu ya bahari, na mashamba hupanda juu zaidi. Tunda la kahawa likiiva huwa jekundu. Ndani yake, kwa kawaida, mna mbegu mbili. Mbegu hizo ndizo zinazouzwa. Lakini kabla hazijafika kwa mnunuzi wa mbali, hupita mikononi mwa mpimaji na mwa wachaguaji. Tuone kazi yao.

1. Mizani

Mkulima analeta matunda yake katika kikapo. Mpimaji anakitundika kwenye ndoana ya mizani. Ndani ya mizani mna chuma kilichojizungusha kama nyoka. Mzigo ukikivuta, sindano inatembea na kuonyesha kilo.

Mpimaji mwema hufanya mambo matatu. Kwanza, hutazama kama sindano inasimama penye 0 wakati mizani haina kitu. Pili, hupima kikapo kitupu na kutoa uzito wake. Kikapo na matunda ni kilo 22, kikapo kitupu ni kilo 2: basi matunda ni kilo 20. Tatu, husema hesabu kwa sauti, huiandika kitabuni mbele ya mkulima, na kumpa karatasi yake.

Tena chuma cha mizani huchoka. Kwa sababu hiyo, mara kwa mara mpimaji hutundika kitu ambacho uzito wake unajulikana vizuri, apate kujua kama mizani ingali inasema kweli.

Sasa mfikiri, watoto. Mizani moja mbaya inaiba kilo 1 katika kila kilo 20. Mtu atasema: «Kilo moja ni kitu gani?» Lakini mama mmoja akileta kilo 20 mara 20, amepoteza kilo 20. Ni kusema, safari moja nzima ameshuka kilimani na mzigo mgongoni bure. Na feza hizo labda zilikuwa za kununua madaftari ya watoto wake.

2. Maji na jua

Matunda yakiisha kupimwa, hutiwa ndani ya maji. Yaliyo mazima huzama. Yaliyo matupu, na mengi yaliyoharibiwa na wadudu, huelea, hayo huondolewa. Halafu mashine humenya ngozi nyekundu. Mbegu zingali zinateleza, basi huachwa zichachuke, kisha huoshwa na kuanikwa juu ya meza ndefu za waya. Zikikauka vizuri, katika gramu 100 za kahawa hubaki gramu 11 au 12 tu za maji. Zikibaki na maji mengi, zitaota ukungu ndani ya mifuko. Mwishoni hutolewa ganda jembamba. Katika kilo 6 hivi za matunda hupatikana karibu kilo 1 ya mbegu safi.

3. Macho na vidole

Wachaguaji wengi ni wanawake. Huanza kazi yao kwenye meza za waya, na huiendeleza ganda likiisha kutolewa. Huondoa mbegu nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa. Chekecheo zenye matundu ya ukubwa mbali mbali hutenga mbegu kubwa na ndogo. Lakini chekecheo haijui rangi wala ugonjwa; jicho la mtu linajua.

Katika nchi zetu za maziwa makubwa kuna mdudu mdogo mwenye madoadoa, anayetoboa tunda la kahawa na kunyonya maji yake. Mbegu ya tunda kama hilo mara nyingine hupata harufu ya kiazi ulaya kibichi. Mbegu moja tu yatosha kuharibu kikombe kizima. Mnunuzi akionja kikombe hicho, anaweza kushusha bei ya kahawa yote. Hivi kosa la mbegu moja hulipwa na wakulima wengi.

4. Faida ya kupima vema

Katika miaka ya 1990 na ya 2000, miaka ya vita, wakulima wengi wa pembeni ya ziwa hawakuwa na mahali pazuri pa kuuzia. Walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda. Wengine walizama ziwani. Baadaye vyama vya wakulima vilijenga vituo vya kuoshea kahawa karibu na mashamba. Lakini kituo hakifai kitu kama mizani yake ni ya uongo: mkulima aliyeibiwa atarudi kwenye mtumbwi wake.

Basi mpimaji hulinda haki ya mkulima, na mchaguaji hulinda jina jema la kahawa. Wazee husema: haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia hukimaliza.

Maulizo

1. Kwa nini mpimaji hupima kikapo kitupu?
2. Matunda gani huelea majini?
3. Kikapo na matunda ni kilo 27. Kikapo kitupu ni kilo 3. Matunda ni kilo ngapi? Yatatoa karibu kilo ngapi za mbegu safi?
4. Mbegu moja mbaya huwaletea wakulima hasara gani?