Juma la Kambini: Desturi na Kanuni za Maskauti wa Marekani

Kambi ya skauti ya majira ya joto nchini Marekani huchukua juma moja, kwa kawaida kuanzia Jumapili mchana hadi Jumamosi asubuhi, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ambapo shule zimefungwa. Kijana haendi peke yake. Huenda na kikosi chake cha mtaani, pamoja na viongozi wake wa kila siku, na kikosi hicho hupewa eneo lake msituni lenye mahema, meza na choo. Kambi yenyewe hutoa bwalo, ziwa au bwawa la kuogelea, zahanati, uwanja wa kulenga shabaha na wakufunzi. Kwa hiyo juma zima kijana yuko chini ya mamlaka mbili, ya kikosi na ya kambi, na kanuni nyingi zinazoonekana za kiurasimu zimewekwa ili ijulikane wazi mtoto yuko mikononi mwa nani kwa saa hiyo.

Chanzo cha desturi hii ni kambi ya majaribio ambayo Robert Baden-Powell aliifanya mwezi Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20 waliochanganywa kwa makusudi, wa matajiri na wa wafanyakazi. (Mzee huyo alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, na kaburi lake liko huko.) Chama cha Marekani kilianzishwa tarehe 8 Februari 1910. Wasichana waliruhusiwa kuunda vikosi vyao katika ngazi ya vijana mwaka 2019, na Februari 2025 chama kikabadili jina na kuitwa Scouting America.

Maandalizi huanza miezi kadhaa kabla. Ada hulipwa kwa awamu, na vikosi vingi huisaka kwa kuuza bisi nyumba kwa nyumba au mbele ya maduka, shughuli ambayo kwa Mmarekani wa kawaida ndiyo sura ya skauti anayoifahamu zaidi. Mabaraza ya skauti hutenga pia fungu la kuwasaidia vijana ambao familia zao hazimudu. Kijana anayekosa kambi, mara nyingi ni yule ambaye mzazi wake hakuuliza.

Karatasi isiyokwepeka ni fomu ya afya. Ina sehemu tatu: A ni ridhaa ya mzazi, B ni historia ya magonjwa, mzio, chanjo na dawa, C ni uchunguzi wa mwili unaojazwa na kusainiwa na mtaalamu wa afya mwenye leseni. Kwa shughuli isiyozidi saa 72, sehemu mbili za mwanzo zinatosha. Kambi ya juma zima hudai zote tatu, na fomu hudumu miezi 12. Chanjo ya pepopunda lazima iwe imechomwa ndani ya miaka 10 iliyopita. Watu wazima nao hujaza fomu hiyo hiyo, na hapo ndipo vikosi hukwama: watoto wote wamekamilika, ila baba mmoja aliyejitolea kuwasindikiza hajaonana na daktari.

Mzigo wa kijana hutakiwa uwe mwepesi: mfuko wa kulalia, koti la mvua, tochi, chupa ya maji, viatu vilivyofunika vidole, dawa ya kufukuza mbu na kupe, na sare kamili pamoja na skafu. Vinavyokatazwa ni pombe, dawa za kulevya, fataki, silaha za binafsi, na sigara za aina zote, hata za kielektroniki. Bunduki hutumika uwanjani tu, chini ya msimamizi aliyefunzwa. Ndani ya hema ni marufuku kuwasha moto wa aina yoyote, hata mshumaa, kwa maana turubai hushika moto haraka. Simu ni suala la kila kambi na kila kikosi. Penye msimamo mmoja ni bafuni na chooni, ambako kifaa chenye kamera hakiingii.

Kanuni nzito kuliko zote zinawahusu watu wazima. Wakati wote lazima wawepo viongozi wawili waliosajiliwa, wenye umri wa miaka 21 au zaidi, na kikosi chenye wasichana huhitaji angalau mwanamke mmoja kati yao. Mtu mzima hakai faraghani na mtoto mmoja. Mazungumzo ya siri kama yapo hufanywa mahali wengine wanapoona. Hata ujumbe wa simu kwa kijana hutakiwa umjumuishe mzazi au kiongozi mwingine. Vijana hulala mahema yao na wakubwa yao, wavulana mbali na wasichana, na wanaolala hema moja wasipishane umri kwa zaidi ya miaka miwili. Saa za kuoga hutenganishwa vivyo hivyo.

Ukali huu una historia ya uchungu. Mwaka 2020 chama kiliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi kutokana na wimbi la kesi, na watu zaidi ya 82,000 wakawasilisha madai kwamba walinyanyaswa kingono wakiwa watoto chini ya chama hicho. Mfuko wa fidia ulipita dola bilioni 2.4. Kiongozi anayelalamika kwamba kanuni zinamfanya aonekane mshukiwa anasahau kwamba zinamkinga yeye pia.

Siku ya kuwasili huwa na foleni. Wahudumu wa zahanati hupitia fomu moja moja na kuuliza kama kuna jambo jipya. Dawa hupokelewa zikiwa kwenye vifungashio vyake na kufungiwa kabatini, isipokuwa za dharura kama kivuta-pumzi cha pumu, ambazo mhusika huweza kutembea nazo. Kisha kikosi kizima huelekea majini kwa jaribio la kuogelea. Anayetaka daraja la juu hujirusha miguu kwanza kwenye kina kinachompita kimo, huogelea yadi 75 kwa mtindo wa nguvu na 25 chali, bila kusimama, na mwishoni huelea akipumzika. Anayeweza kujirusha vivyo hivyo, kuogelea futi 25, kugeuka na kurudi alikoanzia huwa mwanafunzi. Asiyeweza hubaki kwenye maji mafupi, na hakuna anayeruhusiwa kumcheka.

Matokeo huandikwa kwenye kibao kidogo cha duara chenye jina: cheupe kitupu kwa asiyeogelea, nusu nyekundu kwa mwanafunzi, nyekundu na buluu kwa muogeleaji. Kibao hicho hutundikwa ubaoni kila mtu anapoingia majini, pamoja na cha mwenza wake, na kila baada ya takriban dakika 10 filimbi hulia. Wenza hushikana mikono na kuiinua juu, kimya, mpaka wahesabiwe na idadi ilingane na ubao. Isipolingana, watu wote hutolewa majini na msako huanza. Mara nyingi mtoto anayetafutwa hupatikana dukani akila aiskrimu, kibao chake amekiacha ubaoni. Msako hufanywa kwa uzito uleule, na mwenye kibao hukumbushwa juma zima.

Siku za kati hufanana. Alfajiri tarumbeta hulia, bendera hupandishwa, kisha watu huenda bwaloni. Kila meza hutoa mhudumu wa zamu anayetangulia kupanga sahani na kubaki nyuma kufagia. Kati ya chakula na chakula kuna nyimbo za kelele, za kuitikizana, ambazo mgeni huziona za kitoto mpaka siku ya tatu anapojikuta anaziongoza. Mchana ni wa beji: kuogelea, uokoaji, kazi za ngozi, ususi wa vikapu, elimu ya mazingira. Anayelenga cheo cha juu kabisa, Eagle, huhitaji beji 21, na kambi ndiyo mahali pa kuzikusanya. Hatari yake iko wazi, kwani kuna vijana wanaopita juma zima wakikimbizana na saini bila kuukodolea msitu macho hata mara moja.

Kisu na shoka havishikwi hovyo. Kijana hufundishwa kwanza kunoa, kupasua na kukata, ndipo hupewa kadi ya ruhusa. Kila akikosea, desturi ni kukata kona moja ya kadi. Kona nne zikiisha, haki imekwisha, anaanza upya.

Usiku wa kwanza na wa mwisho huwa na moto mkubwa wa kambi, vichekesho na hadithi. Kwenye moto wa mwisho kambi nyingi hutangaza walioteuliwa kuingia Order of the Arrow, undugu wa heshima ulioanzishwa 1915 katika kambi ya Treasure Island, karibu na Philadelphia, ambao vijana huteuliwa kwa kura za wenzao. Kwa miongo mingi sherehe zake ziliazima mavazi na majina ya wenyeji wa asili wa Amerika, hasa Walenape, na lawama juu ya uazimaji huo ni za haki: wenye mila mara nyingi hawakuulizwa.

Mzazi anaombwa aandike barua badala ya kupiga simu, kwani sauti ya mama usiku wa pili huamsha kilio kilichokuwa kimeshalala. Akitaka kumchukua mtoto mapema, jina la mchukuaji liwe limeandikwa kabla, naye aonyeshe kitambulisho na kusaini ofisini. Hata baba mzazi hufuata utaratibu huo. Jumamosi eneo hukaguliwa kutafuta turubai zilizochanika na takataka, dawa hurudishwa, kumbukumbu za beji hukabidhiwa kiongozi, na kikosi huhesabiwa mara mbili: kikitoka eneo lake, na kikishapanda magari.