Usikifukue Kitunguu cha Ua

Neno: Marko 4:26-29

Je, umewahi kufukua kitu ulichokipanda, ili tu uone kama kinaota? Mimi nimewahi.

Nilikuwa Moa, kule Mkinga, mwambao wa Tanga. Mama aliyenikaribisha alikuwa na bustani ndogo ya maua chini ya mwembe. Humo alipanda ua lile jekundu ambalo huenda umeliona porini mvua zinapoanza: bua moja, na juu yake kichwa cha mviringo kama mpira, chenye vijiua vingi, wakati mwingine hata 200. Huota kutoka kwenye kitunguu kilichomo ardhini. Alinipa vitunguu viwili nikapande kwangu.

Nilivipanda kwenye kopo, vikatoa majani mazuri. Kiangazi kilipofika majani yakawa ya njano, yakaanguka. Nikaogopa, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Paulo anamtaja Apolo kuwa ndiye aliyetia maji; nadhani Apolo alijua na wakati wa kuacha. Wiki ya tatu nikafukua kimoja. Kimeoza, kinanuka. Cha pili nacho kilikuwa laini kama ndizi iliyoiva mno.

Niliporudi Moa nilimkuta mama hajamwagilia kitu. Pale vitunguu vilipokuwa palikuwa pakavu, na kijiti kimechomekwa ili mtu asipapige jembe.

"Mwanangu, havijafa, vimelala," aliniambia. "Maji ya kiangazi ndiyo yanayoviua."

Ndipo akanieleza habari za kijana wake wa mwisho, aliyevuka mpaka kwenda Mombasa kutafuta maisha, akaacha kanisa, akaacha na kupiga simu. Zamani mama alimtumia ujumbe wa kumkemea kila siku, mistari ya Biblia juu ya mistari. Sasa anamwombea, na kila mwezi anamtumia salamu moja tu: nyumbani hatujambo.

Mpendwa, huenda nawe una mtoto kama huyo, na umesema mpaka sauti imekauka. Usome tena mfano ule wa Marko. Yule mtu anapanda, kisha analala. Analala! Na mbegu inaota asijue imeotaje. Wazazi wengi wa kanisani usingizi huo hatuna. Sisemi umtupe mtoto. Kijiti kile mama hakuking'oa.

Wala watoto hawafanani. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau la huku kwetu. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina, Saintpaulia, na leo linakaa madirishani Ulaya na Marekani, kwa watu ambao pengine Tanga hawaijui. Mbegu zake ni kama vumbi, nazo hazifukiwi kabisa. Huachwa juu ya udongo zipate mwanga. Ukizifukia kama mahindi, umezipoteza. Umjue mtoto wako ni wa namna gani.

Masika yalipoanza, mama alinipigia simu. Ua limetoka, bua na kichwa chekundu, jani bado. Nikamuuliza habari za kijana. Hajapiga. Salamu ya mwezi huo, akasema, alikuwa ameshaituma.