Chanda Chema Kivikwe Pete Mapema

Wahenga walisema: Chanda chema huvikwa pete. Methali hii ni ya kweli, ila haisemi pete hiyo huvikwa lini. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mfanyakazi mmoja wa Marekani, Bwana Edgar Daniel Nixon, ambaye pete yake ilikawia mno.

Bwana Nixon alizaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Alabama. Masomo yake ya darasani hayakutimia miaka miwili. Alikuwa mtumishi katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, akitandika vitanda na kubeba mizigo ya abiria. Huko alijiunga na chama cha watumishi wenzake kilichoongozwa na Bwana A. Philip Randolph, akawa kiongozi wa tawi la mji wa Montgomery. Mafunzo aliyoyapata chamani aliyapeleka mtaani. Katika miaka ya 1940 aliwaongoza mamia ya watu weusi kwenda mahakamani kudai waandikishwe kupiga kura.

Tarehe 1 Desemba, 1955, mshonaji Bibi Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi. Bwana Nixon ndiye aliyemwekea dhamana usiku ule ule. Kisha aliwapigia simu wachungaji, akiwemo kijana Martin Luther King, akiwataka wawaongoze watu kuyasusia mabasi. Kesho yake wachungaji walipokutana, yeye hakuwapo: zamu yake ya treni ilikuwa imefika, naye akaenda kazini. Mabasi yalisusiwa kwa siku 381. Nyumba ya Bwana Nixon ilitupiwa bomu, wala hakurudi nyuma. Mwishowe ubaguzi katika mabasi ya Montgomery ulipigwa marufuku.

Sifa zilienea duniani, lakini hazikumfikia yeye. Alikuwa mtunza hazina wa harakati ile; mwaka 1957 alijiuzulu kwa uchungu, akiona hapewi heshima inayomstahili. Alipostaafu utumishi wa treni, aliendelea kuwahudumia watu wa mji wake, akisimamia michezo katika mtaa wa nyumba za serikali. Chama cha NAACP, ambacho aliwahi kuongoza tawi lake, kilimtunukia nishani mwaka 1985. Aliaga dunia miaka miwili baadaye, na shule moja ya Montgomery ikaitwa kwa jina lake.

Hatusemi haya ili kumpunguzia Dakta King sifa zake, la hasha. Twasema kwa kuwa hapana tawi wala kiwanda kisichokuwa na Nixon wake: yule atunzaye fedha za wenzake bila kupunjwa hata senti, afikaye polisi usiku mwenzake akamatwapo, na alfajiri akawahi kazini. Mtu huyo tunamjua kwa jina. Basi katika mkutano ujao asimame mmoja wetu, alitaje jina hilo mbele ya watu wote, naye mwenyewe akiwapo na akisikia.