Umetoka ekzameni ya sekuriste: umepata pointi ngapi?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngoja nyumbani,

Ekzameni ya sekuriste imekwisha, matokeo hayajabandikwa. Siku hizo za kungoja ndizo tunazoziogopa hapa dispanseri. Mtu hali, halali, halafu asubuhi anashuka mgodini na macho mekundu.

Fundi mmoja wa umeme alikuja kwangu kuomba dawa ya kichwa. Alikuwa amekwisha kumwambia mke wake kwamba ameanguka. Nikamwuliza: "Ulikosa maswali mangapi?" Akanitajia manne. Manne tu! Lakini ndiyo aliyoyarudia usiku kucha. Yale aliyojibu vizuri alikuwa ameyasahau.

Basi tukachukua karatasi. Fanya hivyo na wewe, siku ile ile, ungali unayakumbuka maswali. Ekzameni yake ilikuwa na maswali 50, kila swali majibu manne, moja tu la kweli, na kukosa hakuondoi pointi. Aliyoyajua bila wasiwasi yalikuwa 28. Yale aliyosita kati ya majibu mawili, 14: hesabu nusu, yaani 7. Yale aliyobahatisha tu, 8: hesabu moja kwa kila manne, yaani 2. Jumla 37 juu ya 50. Kupita ilitakiwa 30. Kichwa kikapoa bila kidonge.

Lakini usiishike hiyo 37 kama mshahara uliokwisha kulipwa. Bahati inaweza kukuongezea pointi tatu nne, au kukupunguzia. Na yale 28 unayosema unayajua, fungua kitabu uyaangalie, maana wako watu wanaojua vibaya kwa uhodari sana. Mmoja aliniambia, kifua mbele, kwamba aliyeungua apakwe dawa ya meno. Hapana, ndugu! Maji baridi yanayotiririka, dakika 20. Mwingine anamkimbilia mwenzake aliyeshikwa na umeme kabla ya kukata kurani. Hapo tutabeba watu wawili.

Sehemu ya mikono ina hesabu yake, na pointi za karatasi haziiokoi. Mbele ya sanamu usijipime kwa jasho. Mwenzako ashike saa: kifua kinasukumwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 30 halafu pumzi 2. Wengi wanaanza vizuri. Dakika mbili zikipita mikono imelegea, na wenyewe hawana habari. Mama, hata wewe unaweza kumshikia saa nyumbani, asukume mto wa kulalia.

Fundi wetu alipata 39. Ila katika yale manne, moja alilikosa kweli: damu inayoruka pajani. Alirudi dispanseri mwenyewe, bila kuitwa. Nikalala juu ya meza, akaweka kitambaa safi, akalibana paja langu kwa mikono miwili na uzito wake wote, mpaka nikamwambia basi.